Namba ya Hekima Hujiandikii

Mwezi uliopita nilikwenda Jinja kumzika Opolot. Sitasema mengi juu ya mazishi yenyewe, maana mazishi ya mtu mwema yanafanana kote: watu wengi, viti vichache, na masufuria ya chakula ambayo hakuna anayejua yametoka kwa nani. Kilichonishika ni jambo dogo. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake Walukuba, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda, mimi na Zaituni na Mwalimu Mugoya, wazee watatu tumebanana kwenye kochi la watu wawili. Mjukuu wa marehemu, msichana wa miaka kumi na mitano hivi, alikuwa mkekani miguuni petu na simu yake, macho yamemvimba kwa kulia. Nikamuuliza anafanya nini. Sikuwa namkemea, nilitaka tu aongee. Akanionyesha. Alikuwa anaunda mtu wa mchezo, shujaa wa kike mwenye upinde, na alikuwa akimgawia pointi zake: nguvu, wepesi, akili, hekima. "Hekima naiweka chini kabisa, jaja," akaniambia, kwa neno lao la bibi. "Haina kazi. Haipigi mtu." Zaituni akanifinya paja. Mugoya akatazama dari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka msibani mpaka mama mmoja wa kanisani akaniletea maji, akidhani ni kilio kimenipanda.

Haipigi mtu. Hata mimi niliamini hivyo, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka ishirini na mdomo usiojua kupumzika. Nilikuwa nimevuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya kuja Mbale kumsaidia shangazi yangu kazi ya hoteli yake pale Namatala. Hoteli ni jina la heshima. Ilikuwa meza nne na mabenchi, jiko la kuni uani, na chumba cha nyuma kilichojaa magunia ya unga na maharage. Wateja wetu walikuwa madereva wa Kenya, mafundi, na askari magereza wasio na wake karibu. Siku za kawaida tulipika posho, yaani ugali, na maharage, au mboga na samaki mkavu. Jumamosi shangazi alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayoteremshwa kutoka mlimani yakiwa yamekaushwa kwa moshi, akayaunga kwa karanga, na yaliyobaki tukayala Jumapili yakiwa yameiva zaidi. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga na moshi pamoja, namkumbuka Opolot akikunja mikono ya shati lake kabla ya kugusa sahani.

Opolot alikuwa askari magereza, Mteso mrefu wa miaka ishirini na minane, mpole kupita kazi yake. Mugoya alikuwa Msoga wa Walukuba hiyohiyo niliyoitaja, akisomea ualimu Mbale. Dada Zaituni alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, ametuzidi sote umri, mjane aliyevaa ushungi mweupe na kushona sare za nusu ya askari wa mji. Watu wanne, lugha nne za nyumbani, na Kiswahili ndicho kilichotuweka meza moja. Changu kilitoka Kenya na cha Zaituni kwa wazee wake Waislamu. Opolot alikipata kambini, na Mugoya alikiokota barabarani, akisema "chakura" na "kurara" bila haya.

Mugoya ndiye aliyeleta kitabu. Alikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu wanaotandika gunia chini mjini. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, hata leo sijui jina lake. Kilikuwa cha Kiingereza, naye alitusomea kwa Kiswahili, akirudi nyuma na kujisahihisha. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Kila mmoja anaunda mtu wake wa kubuni, mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia mko wapi na mbele yenu kuna nini, nanyi mnamwambia watu wenu wanafanya nini. Likitokea jambo gumu, kupigana au kuruka shimo, dadu ndizo zinaamua. Dadu tulizitoa kwenye ludo. Ili kuunda mtu unarusha dadu tatu mara sita, na kila jumla unaiandika kama namba ya kitu kimoja: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima, mvuto. Tatu ni mtu hafai kabisa, kumi na nane ni ajabu ya dunia.

Jumapili ya kwanza, saa nane mchana, hoteli imefungwa na shangazi yuko kanisani, tumekaa juu ya magunia kuzunguka meza moja katika chumba cha nyuma, tulikwama kwenye hekima. "Akili na hekima si kitu kimoja?" nikauliza. Mugoya akasoma kipande chake polepole: akili ni kujua mambo, hekima ni kuona kilicho mbele yako, kusikia mlango unaofunguka nyuma yako, na kutovutwa na kila kinachong'aa. Nikasema basi hekima ni akili ya wazee, kijana ataitumia wapi? Zaituni alikuwa ameshapata kumi na sita, lakini alikataa kuiandika. Aliweka penseli chini. "Mimi siwezi," akasema. "Nguvu naweza kujiandikia, nikiinua gunia watu wataona. Lakini mtu anajiitaje mwenye hekima kwa mkono wake mwenyewe? Wallahi ni aibu." Opolot akaunga mkono. Akasema kwao, mzee akijisifu kuwa ana busara, watu wanaondoka mmoja mmoja mpaka anabaki na kiti. Mugoya akakuna kichwa, akapekua kitabu, akakosa msaada. Basi tukatunga sheria yetu wenyewe: namba ya hekima hujiandikii, unapewa na wenzako baada ya kukutazama. Sijawahi kusikia kundi jingine duniani lililocheza hivyo.

Zaituni akapewa kumi na sita zilezile. Opolot akapewa kumi na tatu. Ilipofika zamu yangu nilijinyoosha kwenye gunia langu, maana nilikuwa nimepata kumi na saba za akili na nilijiona nimekamilika. Wakanong'onezana kidogo. Mugoya akasema, "Sita." Sita! Nilihisi masikio yanawaka. Nikamuuliza kila mmoja sababu, na Opolot, bila ubaya wowote, akasema, "Wewe Nekesa unajibu kabla swali haijaisha." Nilimjibu hapohapo, kabla hajafunga mdomo, wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilinuna wiki nzima, nikampunguzia samaki.

Lakini nilirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, na Jumapili hizo zikawa nguzo za mwaka wangu. Sijui niwaeleze vipi utamu wa mambo yale. Juma zima nilikuwa mtu wa kuosha masufuria; Jumapili nilikuwa mwanamke msomi mwenye fimbo ya moto aliyeitwa Sifa. Zaituni alikuwa shujaa wa upanga, na alipopiga adui alisema "bismillahi" kwanza. Opolot, askari magereza, alichagua kuwa mwizi. "Siku sita mimi nachunga wezi," alisema. "Siku ya saba niache na mimi niibe kidogo." Na yule mwizi wake alikuwa na huruma kuliko watu wote, akiiba mkate anaacha nusu. Zaituni ndiye aliyetuokoa mara nyingi, wala si kwa upanga. Mimi nikiwa mbioni kuingia pango lolote lenye dhahabu, yeye humuuliza Mugoya, msimulizi wetu, "Ndege wanalia? Wamenyamaza? Basi sisi hatuingii." Nilijifunza mezani pale kwamba anayesikiliza hupata hadithi nzima, na anayesema hupata nusu. Nilijifunza kwa kichwa tu, kwa sababu kulijua jambo ni akili, bado si hekima.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao, na upande wa pili aliishi Mama Rozi, muuza makaa, mwanamke mkimya aliyekuwa akitusalimia kwa kichwa. Miezi kadhaa ndani ya mchezo tulifika kwenye ngome ya mfalme mbaya aliyewafunga wanakijiji wasio na hatia. Mpango wa kuwatoa ulikuwa wangu, na nilijivunia kama mzazi. Nilichora ramani ya ngome kwenye karatasi ya daftari: lango, kibanda cha walinzi, "hapa askari wawili, hapa mmoja analala." Sauti yangu haikuwahi kuwa ndogo. "Afande, wewe funguo!" nilikuwa nikisema. "Ukishapata funguo unafungua lango la nyuma, Zaituni anamaliza walinzi, tunatoa wafungwa wote!" Na Opolot akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini, "Sawa. Mimi nafungua, nyinyi ingia haraka." Mwisho wa mchezo akakunja ramani, akaitia mfukoni ili akaifikirie wiki nzima.

Alhamisi Mama Rozi alikuja kuomba moto. Akasimama na kikaango chake cha makaa, akaniuliza kwa woga, "Binti, Jumapili huwa mnasema nini humo ndani na yule afande? Kiswahili chote hicho, lugha ya wanajeshi, na mlango mmefunga." Ningeweza kumwambia ni mchezo. Ningeweza kumwonyesha dadu. Lakini nilikuwa na akili kumi na saba. "Tunatoa wafungwa, mama," nikamwambia, nikimkonyeza. "Kama una mtu wako ndani lete jina lake mapema, nafasi zimebaki mbili." Nikacheka mwenyewe. Mama Rozi akachukua moto wake, akaondoka.

Jumatatu asubuhi Opolot alikamatwa kwenye lango la gereza, mbele ya wenzake wakiwa wamejipanga. Walimpekua, wakakuta ramani.

Mugoya ndiye aliyetuletea habari, mbio, shati limetoka kwenye suruali. "Banange, jamani, wanasema alitaka kutorosha watu! Wanasema kuna kundi!" Shangazi akashika kichwa. Nilijua palepale nani amesema na kwa nini. Mtu aliyeshukiwa hivyo hakuwa anapoteza kazi tu. Angeweza kuozea ndani ya gereza alilokuwa akilichunga. Nami badala ya kusema nilichofanya nikaanza kukimbia huku na huko. Nilimkokota Mugoya mpaka lango la gereza, nikamhutubia askari wa zamu. Nilimweleza habari za mwizi mwenye wepesi kumi na sita, fimbo ya moto, mfalme na ngome. Yule askari alinitazama kama mtu anayesikiliza redio iliyoharibika. Akaandika neno moja kwenye daftari lake, kisha akaniuliza, "Na huyu mfalme anakaa wapi?" Mugoya akanivuta mkono, tukaondoka kabla sijatuingiza ndani sote.

Jioni nilimkuta Zaituni kwenye cherehani yake. Akaniuliza bila kuinua macho, "Nekesa, Mama Rozi hakuja kukuuliza kitu wiki iliyopita?" Nikasema, "Hapana, dada." Akatia uzi kwenye sindano. Hakuniuliza tena. Nimesema uongo mwingine maishani na nimeusahau, huo sijausahau. Wakati ule niliona kwamba maji yamekwisha kumwagika, na kusema ukweli hakungefungua mlango wowote. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Zaituni hakwenda kuhutubia mtu. Alisubiri siku ya kupeleka sare, akaingia ofisini kwa mkuu wa gereza na nguo mkononi, akamwambia, "Afande, hiyo ramani ni ya mchezo. Mimi pia nimo. Usiniamini. Njoo Jumapili ukae nasi uone." Basi. Ndiyo hotuba nzima.

Akaja. Mtu mfupi wa kaskazini, miwani mizito, amevaa suti ya kanisani, na nyuma yake askari mmoja na Mama Rozi, aliyeamriwa aje kama shahidi. Mama wa watu alikaa karibu na mlango, khanga imebana mabega. Zaituni akamkaribisha mkuu kwenye gunia zuri, shangazi akaleta chai. "Haya," akasema mkuu, "mimi nataka kuona hii mchezo." Zaituni akasukuma dadu mbele yake. "Haionekani kwa macho, afande. Tutengeneze mtu wako." Nilidhani atakasirika. Alirusha dadu. Nguvu, nane. Akaguna. Wepesi, kumi na nne, akavua koti. Alipopata kumi na saba za mvuto alimgeukia askari wake kuhakikisha ameona. Kumbe hata mkuu wa gereza ana mtoto ndani yake, anasubiri kuitwa.

Mugoya akamchezesha kidogo, mlango, ngazi, mlinzi anayekoroma, akamwekea mezani nakala ya ile ramani. Mkuu akaitazama sana. Kisha akacheka, akatikisa kichwa, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Opolot atatoka! Lakini kicheko kikamkauka, akamgeukia Mama Rozi. "Wewe mama. Umenifanya nifunge askari yangu kwa ajili ya ludo. Unajua kuleta habari ya uongo ni kosa?"

Mama Rozi alisimama. Akakaza khanga yake. "Afande, mume wangu alichukuliwa nyumbani na watu wanaosema Kiswahili, mlango umefungwa hivihivi, zamani zile za utawala wa wanajeshi. Mpaka leo sijamwona. Mimi nilisikia maneno ukutani, nikaogopa, nikaja kuuliza kwanza. Huyu binti akaniambia mwenyewe kwa mdomo wake, wanatoa wafungwa." Mkuu akanigeukia. "Wewe. Ulimwambia hivyo?"

Naapa nilikuwa na muda wa kuona kila kitu. Kichwa changu kile kizuri kilinipigia hesabu upesi: sema hapana. Tuko watatu, yeye ni mmoja, muuza makaa. Mkuu ameshacheka, Opolot ameshatoka, usiharibu. Ukisema ndiyo, anaweza kufikiri ulisema kweli, na kila kitu kikarudi mwanzo. Akili yote iliyokuwa ndani yangu ilisema hapana. Nikamtazama Mama Rozi, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilimwona: mwanamke aliyekuja kuuliza kwanza. Alikuja kuuliza, nami nikamcheka.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kujionyesha kwamba nina akili."

Nikamwendea Mama Rozi, nikapiga magoti mbele yake kama binti anavyopiga kwa mama yake, nikamwomba msamaha. Alinishika bega kwa vidole vyeusi vya makaa. "Simama, mwanangu," akasema, "utachafua nguo." Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Kwa hiyo askari yangu amelala chini siku sita kwa sababu ya mdomo yako." Nikajibu ndiyo. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine.

Akanyanyuka kuvaa koti, akaokota karatasi ya mtu wake. Akaona pengo. "Hapa hekima hamjaandika." Mugoya akamweleza sheria yetu kwa sauti ndogo. "Haya nipeni," akasema mkuu, naye hakuwa anatania. Nilijua ningempa ngapi wiki moja kabla: kumi na nane, na kicheko juu yake. Zaituni akamjibu kwa adabu yake yote, "Afande, hatujui bado. Tuiache wazi mpaka kesho." Walitazamana, fundi cherehani na mkuu wa gereza. Mtu mdogo rohoni angeona ametukanwa. Yeye akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani, akatoka.

Jumatatu mchana Opolot aliingia hotelini kwa mlango wa mbele, ndevu zimeota, sare imekunjamana, mkononi ana barua ya uhamisho wa Jinja. Ndivyo alivyofika Walukuba, akaoa dada yake Mugoya, akazaa, akastaafu, akazikwa na watu wengi. Zaituni alimpokea kwa machozi. Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nilisimama nyuma ya sufuria na mwiko, na nilikuwa nimeapa kwamba hatalisikia kosa langu kwa mwingine, kwa hiyo nikamwambia yote hapohapo, mbele ya madereva wawili wasiotujua: kikaango cha makaa, nafasi mbili, kicheko changu, uongo niliomwambia Zaituni. Nilisema polepole. Safari hiyo sikumaliza kwa mzaha. Halafu nikanyamaza ili ajibu, na kunyamaza kule kulinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya katika hoteli ile.

Opolot akavuta benchi, akakaa, akakunja mikono ya shati. "Lete chakula kwanza," akasema. "Hasira na njaa zinafanana sana. Wacha nikule, nijue hii ni gani."

Nikampakulia posho na malewa yaliyosalia ya Jumamosi, nikasimama mbele yake. Alikula kimya, bila haraka, sahani nzima. Akaomba ya pili, akaila nayo, akasukuma sahani kando, akaegemea ukuta wa mbao na kufumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake.

Kisha akayafumbua, akanitazama.

"Ilikuwa njaa," akasema.